Koili ya Gitaa Dogo la Besi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Misigiri, Wilaya ya Iramba
Tarehe 24/07/2024, kuanzia saa 10:20 jioni

Jina: Dorika Elisha Msengi
Umri: Miaka 16
Kabila: Mnyiramba
Dini: Mkristo
Kazi: Mwanafunzi wa kidato cha tatu
Makazi: Misigiri, jirani na mashine ya kukamua alizeti
Mzazi aliyekuwepo: Bi. Marietha Kiula (mama)

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeomba kuandika maelezo haya kwa mkono wangu, kwa sababu nikiongea mbele ya watu huwa napoteza maneno. Afande amekubali.

Naanza na jambo ambalo hadi leo saa tisa kasoro alasiri sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama. Koili iliyomo ndani ya gitaa dogo la besi la kwaya yetu ya vijana si ya kiwandani. Niliizungusha mimi. Fundi Paskali wa Shelui, aliyewekwa mahabusu tangu jana kwa tuhuma kwamba aliiba ya kiwandani akaweka ya kienyeji, hakuiba kitu.

Gitaa hilo lina nyuzi nne kama besi nyingine, lakini shingo yake ni fupi. Kwaya ililinunua hivyo makusudi, kwa sababu mpigaji wetu, Ritha, ni mdogo wa umbo na vidole vyake havikufika kwenye besi kubwa. Wapigaji wa kwaya nyingine humtania. Mmoja alimuuliza mbele yangu, "Dada, hilo gitaa litaacha kunyonya lini?" Ritha akamjibu, "La kwako limekua, akili ndiyo haijafika."

Chini ya nyuzi kuna kipande kinachoitwa kinasa. Ndani yake mna sumaku nne ndogo zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Huo waya uliozungushwa ndio koili. Uzi wa gitaa ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa kwenye koili na kwenda kwenye ampilifaya. Haya hatujafundishwa bado. Nimeyasoma kwenye kitabu cha kidato cha nne ambacho huwa nakiazima.

Vyombo vya kwaya hukaa nyumbani kwetu kwa sababu mama ndiye mtunza vyombo. Kila skrubu ya gitaa imepakwa tone la rangi ya kucha nyekundu. Ndiyo kawaida yetu, na wengi hapa hufanya hivyo hata kwa redio na simu. Kifaa kikirudi kutoka kwa fundi na rangi imepasuka mahali ambapo fundi hakutumwa, unajua amechokonoa. Anayepaka ni Mzee Laurenti, mwenyekiti wa kwaya. Kichupa cha rangi hukaa kwenye kabati la mama pamoja na nyuzi za akiba.

Tatizo la gitaa lilikuwa kunguruma. Kanisani tunatumia umeme wa sola, na inveta ikiwashwa gitaa lilinguruma hata kama hakuna aliyeligusa. Wimbo ukifika mahali pa taratibu, watu waligeuka kumtazama Ritha kana kwamba yeye ndiye anayenguruma. Nilisoma kwamba ukitandika foili kwenye shimo la kinasa na kuiunganisha na waya wa ardhi, mngurumo hupungua.

Mnamo tarehe 08/06/2024, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, shule ikiwa imefungwa na mama akiwa shambani akipura alizeti, nilikwangua rangi kwenye skrubu za kinasa kwa wembe nikazifungua. Foili niliipata kwa muuza chipsi wa njia panda. Sikuomba ruhusa. Nilitaka kwanza lipone, halafu ndipo niseme.

Nilipokuwa nikiinua kinasa, bisibisi iliteleza ikaingia kwenye koili. Nyuzi za shaba zikachomoza. Nilitafuta ncha iliyokatika mpaka saa saba mchana, na kila nilipogusa nilikata nyingine. Nilichomeka gitaa kwenye ampilifaya ya mazoezi ya hapo nyumbani. Halikutoa sauti kabisa, hata ule mngurumo haukuwepo.

Niliogopa. Mama aliaminiwa kutunza vyombo baada ya mtunzaji wa kwanza kupoteza kipaza sauti, na watu bado wanamsema mtunzaji huyo mpaka leo. Kwa hiyo sikusema.

Tangu tarehe 10/06/2024 hadi 13/06/2024, kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, nilizungusha koili mpya. Sumaku na kiunzi chake niliviacha vilevile, nilibadilisha waya tu. Waya niliutoa kwenye adapta ya redio yetu mbovu. Ni mnene kidogo kuliko ule wa mwanzo. Nilijaribu kutumia kizungushio cha uzi cha cherehani ya mama, waya ukakatika mara tatu, nikarudi kwenye mkono. Nilihesabu. Kila mizunguko mia niliweka mstari mmoja nyuma ya daftari langu la Fizikia. Mistari ni arobaini na miwili, yaani mizunguko elfu nne na mia mbili. Baada ya hapo waya haukuenea tena kwenye kiunzi. Nikamwagia nta ya mshumaa ili koili isitikisike. Lehemu nilichoma kwa msumari uliopashwa kwenye jiko la mkaa.

Tarehe 14/06/2024 nilitandika ile foili kwenye shimo la kinasa, nikaiunganisha na waya wa ardhi, nikarudishia skrubu na kuzipaka rangi kwa kichupa kilekile cha kabatini. Nilipaka tone dogo kama la Mzee Laurenti. Nilijitahidi lifanane, na lilifanana. Jambo hili ndilo ninalolijutia kuliko bisibisi.

Jumapili tarehe 16/06/2024 gitaa lilipigwa ibada ya kwanza na ya pili. Halikunguruma. Sauti ilikuwa nyembamba kidogo kuliko zamani, lakini safi. Ritha alitoka akicheka, akasema, "Dori, umesikia? Leo mtoto ameongea!" Mzee Laurenti akasema ni maombi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya spika nikikunja waya. Nilifurahi sana siku hiyo, na nilijua sina haki ya kufurahi.

Katikati ya mwezi wa saba tundu la kuchomekea waya lililegea, sauti ikawa inakatika. Jumatatu tarehe 15/07/2024 mama na Mzee Laurenti walilipeleka gitaa Shelui kwa Fundi Paskali. Mimi nilikuwa shuleni. Mama ameniambia kwamba kabla ya kuondoka Mzee Laurenti alikagua skrubu zote mbele ya fundi, akaziona zina rangi.

Mnamo tarehe 20/07/2024, siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, tulikwenda kulichukua, Mzee Laurenti, mama na mimi. Mimi nilibeba mfuko wa gitaa. Duka la fundi linatazamana na mahali malori yanapoegeshwa. Tulimsalimu, akatupa viti. Alichomeka gitaa, akapiga nyuzi zote nne, sauti haikukatika.

Akasema, "Mama, tundu nimebadilisha, halichezi tena. Ila kuna neno lazima niwaambie, nisije nikaonekana mjanja. Sauti niliiona nyembamba, nikafuata waya mpaka kwenye kinasa. Koili yenu si ya kiwandani. Imezungushwa kwa mkono, ikamwagiwa mshumaa."

Akafungua akatuonyesha. Akaendelea, "Aliyefanya kazi hii ana subira kunishinda mimi. Lakini lehemu yake, mh! Kama mavi ya mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Mzee Laurenti akauliza, "Fundi, tulikutuma nini?"

"Tundu la waya, mzee."

"Kinasa tulikutuma?"

"Hamkunituma. Nilifuata hitilafu."

"Jumatatu nimelileta na rangi yangu kila skrubu, wewe mwenyewe ukiona. Leo rangi ya kinasa imepasuka, na ndani mna mshumaa. Huo mshumaa umeingia wenyewe?"

"Mzee wangu, ningekuwa nimekuibia, ningekuita nikuonyeshe?"

"Huo ndio ujanja wenyewe," Mzee Laurenti akasema. Akamgeukia mama. "Mama Dorika, rangi ilikuwepo au haikuwepo?"

Mama akasema, "Ilikuwepo. Hilo nililiona kwa macho yangu."

Mama alisema kweli. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ule mfuko. Nilifungua mdomo. Fundi Paskali aliniona, akadhani nina kiu. Akaniambia, "Binti, maji yapo kwenye dumu hapo, kunywa." Nikaenda nikanywa maji. Nilikunywa vikombe viwili ili nisirudi mapema. Niliporudi walikuwa wanabishana kwa sauti ya juu na madereva wawili walikuwa wamekuja kusikiliza. Dereva mmoja akasema, "Kumbe ndiyo mambo yako, Paskali! Nirudishie redio yangu kabla haijawa mshumaa." Fundi aliifunga skrubu ya mwisho, akalifuta gitaa kwa kitambaa, akampa mama kwa mikono miwili.

Jumapili sikwenda kwenye mazoezi. Nilisema naumwa kichwa, na kweli kiliuma. Jumatatu tarehe 22/07/2024 Mzee Laurenti alikuja hapa kituoni kutoa taarifa. Hilo sikulijua.

Leo tarehe 24/07/2024, saa saba mchana, tukiwa kwenye foleni ya makande shuleni, Ritha aliniambia, "Umesikia? Yule fundi amelala ndani. Kesho asubuhi wanampeleka Kiomboi, akasomewe mashtaka."

Nikamuuliza, "Nani kakwambia?"

"Nimemwona mke wake hapo nje ya kituo na hotpoti ya ugali, mtoto mgongoni. Amekuja na lori la alfajiri. Na fundi alivyokuwa anaonekana mpole, kumbe!"

Nilimwambia Ritha asimseme hivyo. Akaniuliza kwa nini. Makande yangu nilimpa.

Tulipotoka shule nilikwenda nyumbani moja kwa moja. Mama alikuwa anapepeta mtama. Nilimwamkia, halafu nikasema, "Mama, ile koili niliizungusha mimi."

Akauliza, "Koili ya nani?" Alidhani ni kazi ya shule.

Nilileta daftari, nikamwonyesha mistari. Nilileta na kopo lenye fundo la waya wa zamani, ule niliokata. Alitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Na rangi?"

"Niliipaka mimi, kwa kichupa cha kabatini."

Mama akaketi juu ya gunia. Akasema, "Kwa hiyo Jumamosi nilimfunga mtu kwa mdomo wangu."

Nikamwambia, "Hukujua, mama."

"Na yeye aliyeko ndani, itamsaidia nini kwamba sikujua?"

Kisha akasema neno moja la Kinyiramba ambalo halinihusu mimi peke yangu, nami siliandiki hapa. Akafunika ungo kwa khanga, akavaa viatu. Hakunipiga. Tulipofika barabara ya lami alinishika mkono kuvuka, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa darasa la pili.

Tulifika hapa kituoni saa tisa na nusu. Afande Sikudhani alikuwa kaunta. Nilisema nilichokuja nacho, lakini nilikisema vibaya, kwa kigugumizi, akaniambia, "Mwanangu, taratibu. Mtu anaweza kuja hapa akajitwisha kosa la mwingine. Nitajuaje ni wewe?"

Nilimpa daftari na kopo. Akamwita Fundi Paskali atoke, akamwambia anisikilize. Nilimwamkia fundi shikamoo, akaitika. Hakuwa na mkanda wala viatu. Aliuliza, "Waya ulitoa wapi?"

"Kwenye adapta ya redio."

"Mizunguko mingapi?"

"Elfu nne na mia mbili."

"Ulianza kuzungusha kuelekea wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole hewani. Akalishika lile fundo la waya, akalisogeza dirishani, akamwambia afande, "Ni yeye. Mimi nilikadiria elfu nne."

Nikasema, "Fundi, naomba unisamehe."

Akalirudisha lile fundo la waya kwenye kopo. Halafu akasema, "Dukani kwangu kuna redio za watu kumi na moja. Mke wangu ameniambia leo asubuhi kwamba jana wamekuja tisa kuzichukua, zikiwa mbovu hivyohivyo."

Afande akasema mlalamikaji lazima aelezwe. Mama akatoa simu ampigie Mzee Laurenti, nami nikamwomba anipe mimi nizungumze. Nilisema, "Mzee, shikamoo. Ni Dorika. Ile rangi ya kinasa uliyoiona Jumatatu haikuwa yako. Niliipaka mimi mwezi wa sita, baada ya kuharibu koili."

Kisha akasema, "Mpe mama yako simu."

Nikasema, "Naomba nimalize kwanza, mzee." Nikaegemea kaunta. Nikamwambia kwamba fundi hakuiba, kwamba aliyoyasema dukani yote yalikuwa kweli, na kwamba namwomba aje kituoni leo, asingoje kesho. Nikamwambia pia kwamba Jumamosi nitakwenda Shelui kuwaambia hivyo wale tisa, mmoja mmoja, na kama yeye mzee atapenda, tutakwenda wote.

Nilipomaliza nilimpa mama simu. Nikamwomba afande karatasi na kalamu, nikakaa kwenye benchi, nikaanza kuandika.

Niliyoyaandika ndivyo yalivyotokea. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikumwachia mtu sehemu ya kosa langu.

Sahihi ya shahidi: D. E. Msengi
Sahihi ya mzazi: M. Kiula

Maelezo ya askari: Shahidi ameandika mwenyewe kwa Kiswahili mbele yangu na mbele ya mama yake, kuanzia saa 10:20 jioni hadi saa 11:55 jioni. Nimemsomea, amekiri ni sahihi. Nimepokea daftari moja la Fizikia na kopo moja lenye waya wa shaba. Mlalamikaji, Bw. Laurenti, amefika kwa baiskeli saa 12:05 jioni, ameyasoma maelezo haya mara mbili, ameomba kufuta malalamiko yake, na ameomba kuonana na fundi.

WP Sikudhani, PC