Kengele ya Baseme

Siku ya mungu, 14 janvier 1979
Cahier hii ya masomo ilikuwa ya Françoise, dada yangu. Ku école alitumia nusu tu. Amenipa nusu ingine. Anasema: Timo, we kinywa yako imekufa, andika basi. Bon. Naandika.

Leo tonton Hilaire, mujomba mwenye tunakaa kwake, amenipa imbwa! Ya kwangu mwenyewe. Dume, miezi nane, rangi ya udongo, miguu nyeupe, mukia imejikunja kama beignet ya mafuta. Ni mutoto wa Mutajua, imbwa mama ya tonton, ile ya kuwinda. Bandugu yake bote batu balisha kubeba. Huyu alibakia.

Dominique alikuwa pale. Anawindaka na tonton tangu zamani. Kazi yake ingine ni kucheka batu. Anasema: hii si imbwa ya pori, hii ni ya kuchunga jiko isizimike. Bote mu parcelle balicheka. 

Kisha nilifikiri jina. Nimemuita Baseme. Donc — batu baseme tu.

Siku ya tatu, 17 janvier
Imbwa ya huku kwetu haibwekake. Inalia kidogo, kama mutoto mwenye mafua, njo vile tu. Sasa mu matiti, ile majani marefu ya pori, utamuona namna gani? Tonton amechonga kengele ya muti, ndani yake vijiti mbili. Tumemufunga Baseme ku shingo. Kok-kok-kok!

Eeeh! Aliogopa kengele yake mwenyewe! Akakimbia — kengele inamufuata — anakimbia zaidi. Aliangusha sufuria ya mama Angèle, muke wa tonton. Tulimukuta chini ya kitanda. Dominique alilia machozi ya kucheka.

Tonton hakucheka. Aliniambia: Timo, kengele njo kinywa yake. Umufundishe kuipenda.

Siku ya posho, 20 janvier
Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Asubuhi yote tunakata majani ku bord ya avenue, chef wa cellule, mukubwa wa mutaa, anahesabu batu. Imbwa haikuwa na kazi, mi pia kazi yangu haikuwa hii.

Nimepata namna moja ya kumufundisha kengele. Napiga sahani, nampa chakula wakati kengele inalia tu. Akisimama kimya, hakuna fufu. Ameelewa. Sasa anajitikisa mwenyewe juu ya kuomba! Kok-kok, kisha ananiangalia.

Siku ya tatu, 24 janvier
Dawa ya pua, imbwa inuse muzuri. Tonton anakamua jani moja hivi, tone moja pua hii, tone moja ile. Baseme amepiga chafya mara kumi na tano. Nilihesabu. Amenikasirikia mpaka saa kumi. Kisha nilikokota ngozi ya simbiliki, ile panya mukubwa ya matiti, na kamba, nyuma ya nyumba, kwa majirani, mpaka ku mugomba ya mwisho. Nikaificha pale. Alifika moja kwa moja. Pua chini, mukia juu.

Sikuambia mutu. Nilifurahi peke yangu.

Siku ya mungu, 28 janvier
Mara ya kwanza pori. Baisikeli mbili, pont ya muto Tshopo, route ya Buta mpaka PK 18, kilomètre kumi na nane. Pale kuko mashamba ya zamani, matiti inapita mutu kwa urefu, simbiliki mingi. Zinamaliza mihindi ya batu.

Kazi iko hivi. Upande moja tunafunga wavu ku vijiti. Upande ingine tunaingia na imbwa na kelele. Simbiliki inakimbia kelele, inajitupa mu wavu. Wakati ya kutembea tunajaza kengele majani, isilie, nyama isisikie. Wavu ikiwa tayari tunatosha majani mu kengele ilie tena, tunaachia imbwa. Tonton anapenda majani ya mangongo, ni ngumu, haitoke bule.

Kelele! Hapo njo shida yangu. Dominique anaita kama batu mia. Hoo! Hoo! Mi nafungua kinywa, kinatoka kitu kama chura. Sauti inakwama. Tangu utoto iko vile.

Baseme hakuingia. Alisimama kando yangu, ananiangalia. Dominique: tazama, imbwa na mwenye imbwa, bote bubu! Mutajua alileta simbiliki mbili.

Kurudia, tonton alisukuma baisikeli ku mulima. Kisha akaniambia: imbwa inaingia kama mwenye imbwa ameingia. Ni vile tu alisema.

Siku ya ine, 8 février
Mubaya. Mubaya kabisa. Baseme amekula makayabu, samaki ya chumvi, ya mama Angèle. Yote! Ilikuwa mu maji, juu ya meza, chakula ya wageni wa kanisa. Mama Angèle alishika ufagio. Anasema: Hilaire, hii imbwa inakula kama mutu na haifanye kazi kama mutu. Itoke hapa.

Kuko adjudant moja wa jeshi, rafiki ya tonton, anakaa upande ya Kapalata. Anataka imbwa ya kuchunga parcelle yake. Niliona imbwa yake ile ya kwanza. Imefungwa chaîne ya chuma, fupi, siku yote, shingo haina manyoya.

Tonton alifikiri sana. Kisha akasema mbele ya bote: mpaka mwisho ya mwezi. Baseme akiingiza nyama moja mu wavu, moja tu, anabakia. Akikosa, adjudant atakuja kumukamata siku ya kwanza, 26.

Nilitaka kusema. Kinywa yangu…

Siku ya tano, 9 février
Leo nimeanza: kila asubuhi, mbele ya kuanza kazi yangu ya kubeba matofali, nitaenda na Baseme ku bord ya muto Tshopo. Pale maji ya chutes inaanguka na kupiga kelele sana. Hakuna mutu anasikia. Napiga kelele: Hoo! Baseme, ingia! Anaingia mu majani. Kok-kok-kok. Narudia. Anaingia tena.

Ku maji sauti iko. Ku batu haiko. Kumbe haikukufa, inajificha tu.

Siku ya mungu, 11 février
Pori. Baseme ameingia! Alifukuza simbiliki moja mpaka karibu ya wavu, kisha ikageuka, ikapita katikati ya miguu ya Dominique. Dominique alianguka na matako. Tonton alicheka mpaka kukohoa.

Haihesabiwe, nyama haikuingia mu wavu. Mais aliingia!

Siku ya mungu, 18 février
Mvua. Hatukuenda. Imebakia siku ya mungu moja tu.

Mama Angèle alinitupia mufupa. Anasema: ya ule mwizi yako. Niliangalia — nyama ingali juu yake.

Siku ya posho, 24 février
Salongo tena. Nimesafisha kengele na mafuta ya ngazi, muti ya mawese. Inalia muzuri. Françoise amesema nisiogope. Naogopa. Kesho.

Siku ya mungu, 25 février
Naandika hapa pori, PK 18. Nimekaa chini. Saa sita, jua iko juu ya kichwa. Cahier iko ku goti, herufi mubaya. Naandika kwa sababu gani? Sababu nisipoandika nitachimba na mikono, na tonton amekataza.

Tulifika mapema. Ku njia Dominique aliangalia kengele ya Baseme, akapiga mikono. Timo! Umetia majani ya mihogo? Unataka kuipika pondu? Ni kweli, nilikuwa na haraka, mangongo haikuwa karibu, nilichuna ya shamba. 

Tulifunga wavu. Tonton akatosha majani ya Mutajua. Kisha akanigeukia. Anasema: Timo, leo we njo utaanzisha.

Mi?  Bananiangalia bawili. Baseme pia ananiangalia, mukono yangu ku shingo yake. Nilifikiri chutes. Nilifikiri ile chaîne. Nikafunga macho na kufungua kinywa.

HOOO! BASEME, INGIA!

Ndege ziliruka ku miti! Dominique alisema: yo! kumbe ndani ya huyu muko mutu! Tonton alipiga mikono. Nilipiga tena, hoo, hoo, nilikuwa nakimbia, nalia na kucheka, Baseme alisha kupotea mu matiti. Muzuri namna hii sijasikia tangu nizaliwe.

Tena nikasikia kitu moja. Kok-kok-kok — ya Mutajua. Ya Mutajua tu.

Majani. Majani ya Baseme sikutosha, ingali mu kengele.

Kinywa yangu nilifungua, yake nikasahau.

Mutajua alipeleka simbiliki mu wavu. Hakuna aliyeifurahia. Tulitafuta Baseme muda wa saa mbili. Naita, naita, sina tena haya. Imbwa ya kimya mu matiti ya kimya. Kisha Mutajua njo alituonyesha. Alisimama chini ya muti moja ya ngazi, ya zamani, mizizi yote inje. Kuko tundu. Alama ya miguu ya Baseme inaingia. Haitoke. Na ku mulango ya tundu, mwiba moja ya nungunungu, nyeusi na nyeupe, mupya.

Alifuata nungunungu ndani. Ile muoga ya chini ya kitanda.

Nilingoja tonton anipige. Hakunipiga. Alikaa chini, akasema: mi niliona kinywa yako inafunguka, nikasahau kuangalia mukono yako. Kosa iko yetu bawili. Kisha akasema tundu ya nungunungu ina vyumba, inazunguka kama nyumba ya tajiri. Tukichimba bila kujua fasi yake, udongo itamwangukia. Kengele ingekuwa inalia, tungechimba pale. Alienda mbio ku village kuomba jembe. Alisema: weka sikio chini. Ita jina yake. Usichimbe.

Dominique anazunguka ngazi, anatafuta tundu ya pili. Hachekake tena. Nilimuuliza: nungunungu inaweza kumuua? Anasema: inaweza kumutoboa. Kuua, hapana, kama ana akili. Kisha akaongeza, polepole: pondu, Timo, inanyauka upesi. Mangongo ingekaa mpaka kesho. Omba inyauke.

Mutajua amelala mbele ya tundu. Hakuondoka. Masikio yake iko juu. Namwangalia yeye, si tundu. Yeye anasikia.

Nimeita mara arobaini. Sauti inaanza kukauka. Kesho adjudant atakuja — acha akuje, mi nitamuambia mwenyewe, na hii kinywa, mbele ya mama Angèle na avenue yote. Baseme haende ku chaîne. Alifuata nyama mpaka ndani ya nyumba yake.

Nimeweka sikio tena. Udongo iko baridi. Hakuna kitu.

Nimeita jina yake, na nikafanya vile tunafanyaka nyumbani saa ya chakula, nikapiga sahani ya chuma, ile tulileta na chakula, na kijiti. Akisikia sahani anajitikisaka.

Mutajua ameinua kichwa.

Kok.

Moja tu. Chini kabisa, kama mutu anagonga mulango ya mbali. Dominique amesimama: umesikia? Nimesikia. Anauliza fasi gani. Napiga sahani tena.

Kok. Kok-kok. Si mbele — ni upande ya kushoto, chini ya muzizi mukubwa. Dominique amechoma kijiti pale. Naona kofia ya tonton ku njia, jembe ku bega, anatembea polepole, hajui bado kama Baseme yuko muzima. Naacha bic. Nitamuita.