Maharage Yaliyopona

Kituo cha Mbegu,
Nyumba za Wafanyakazi, chumba cha 6.
Jumapili, 30 Agosti

Mpendwa Dada,

Salamu tele kutoka huku. Mgongo unaendeleaje? Na mama, bado anagombana na fimbo yake? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imebanwa.

Nilikuandikia kwamba mkubwa wangu wa kazi ameahidi kunihamishia shamba la mbegu huko kwenu, nikishapata maharage yasiyoshikwa na ugonjwa wa kutu. Basi, uhamisho umekwama, na aliyeukwamisha ni mdogo wa mumeo, huyohuyo uliyeniomba nimtafutie kazi hapa.

Nilipanda miche elfu moja na mia mbili. Kila baada ya mistari mitano niliweka mmoja wa mbegu dhaifu, makusudi, uugue upesi na kuiambukiza mingine. Mche unaobaki kijani katikati ya ugonjwa ndio ninaoutaka. Kwa hesabu yangu ingebaki themanini; ikizidi sana, mia.

Nikaitwa kikaoni mjini. Huku nyuma huyo shemeji yako akaona majani yana madoa ya kahawia, huruma ikamshika, akabeba bomba la dawa akapulizia shamba zima. Niliporudi alinipokea getini anacheka. "Shemeji, nimeiponya yote. Hata ile uliyoitelekeza."

Yote kijani, Dada. Sasa nani ajue upi una nguvu zake na upi umebebwa na dawa? Nilikaa chini palepale. Akaniletea maji ya kunywa, akidhani nimezidiwa na furaha.

Kutu huja na baridi, na baridi ndiyo hiyo imekwisha. Maana yake ni kusubiri mwaka mzima.

Mkubwa akanionyesha njia ya mkato: nichague themanini inayopendeza macho, niandike imefaulu, mwezi ujao niwe nyumbani. Mbegu hiyo ingeuzwa mpaka shambani kwako. Mimi hapa nilianzia kuosha vyungu vya miche, sikubebwa na mtu. Kinachonilisha ni kwamba nikisema mbegu ni nzima, ni nzima. Nikamwambia, "Siandiki." Akasema basi nibaki.

Shemeji sijamfukuza. Kumfukuza hakuniongezei hata mche mmoja. Ila ufunguo wa stoo ya dawa nalala nao.

Msalimie mumeo, na mapacha uwabusu. Mungu awape mvua ya kiasi na afya ya kutosha.

Mama usimdanganye kwamba niko njiani. Akiuliza nani amenizuia, mwambie nimekataa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,
Bwana Hesabu