Mteja Wangu Mkorofi

Skola, rafiki yangu,

Huku Bombambili duka lako la vitenge sasa ni kibanda cha kutuma pesa. Juzi niliingia kwa mazoea, binti wa hapo akaniuliza, "Unatoa au unaweka, mama?" Nikageuka, nikatoka.

Nakuandikia kwa sababu ya zile video. Unakumbuka chuo kiliponitaka niweke masomo yangu ya biashara mtandaoni, wanafunzi wajifunze kusikiliza mteja, kuomba radhi, kuongea na mtu mwenye hasira? Nikakuomba uwe mteja mkorofi. Ulitakiwa uingie ukifoka. Wewe ukaingia, ukaniuliza nyumbani tumeamkaje, ukawaulizia watoto mmoja mmoja, ndipo ukaanza kugomba. Nikakatisha, nikakufokea mimi. Ukasema, "Sasa dada, nitagombana vipi na mtu sijamsalimia?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukaiacha video hivyo hivyo.

Ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Wananiandikia kutoka Tunduru, Namtumbo, hadi Mbinga: "Mwalimu, msalimie yule mama mkorofi." Hawajui. Nasoma, naiweka simu chini, nakaa tu. Nyumba imepoa mno, Skola. Siku nyingine naifungua video ile ili nisikie mtu akiniuliza nimeamkaje.

Limebaki somo moja, namna ya kumpa mtu habari mbaya. Mkuu wa idara ananihimiza nitafute mwigizaji mwingine. Nilimpata mama mmoja, hodari kweli, hana kosa lolote, lakini alipokaa kwenye kiti chako niliacha kurekodi. Nikasingizia simu imeisha chaji.

Basi Jumatatu nitarekodi peke yangu, na sitaigiza. Nitawaambia wanafunzi kwamba umefariki, kwamba tulikuzika kwenu Maposeni, na kwamba nilichelewa kusema kwa sababu wao ndio watu pekee ambao kwao ulikuwa bado hai.

Naogopa. Nikishasema, hapatabaki mahali popote ambapo Skola hajafa. Siku ya mazishi shangazi zako walinishika huku na huku nisianguke. Jumatatu hakutakuwa na wa kunishika.

Pumzika, mdogo wangu. Nakuahidi nitayasema yote mpaka mwisho, hata nikilia mbele yao.