Mwani Ulikuwa Wako, Kaka Athmani

Kwako kaka Athmani, popote ulipotandika mkeka wako,

Anwani yako sina, ndiyo maana namwomba mhariri wa gazeti anitilie barua hii. Wewe husoma gazeti hata likiwa limefungiwa samaki. Mwandiko wangu hutauona, hasara ni yako, maana umenyooka kuliko matuta yako, na mimi ni wa darasa la nne tu.

Unakumbuka gunia la kwanza? Tulikuwa wawili katika bustani ya memsahibu huku Spring Valley, wewe mtu wa Mombasa, mimi wa Busia. Ukaniambia binamu yako wa garimoshi analeta mwani. Kwetu mpakani, majirani wa Uganda huita kahawa mwanyi. Basi mimi, mjuzi wa lugha zote, nikajua tumepata kahawa ya bure. Ijumaa ulipokwenda kuswali mjini, nikachemsha sufuria nzima na sukari yetu yote. Uliporudi nilikuwa nimeshamaliza kikombe.

"Kaka, hii kahawa yenu iko na harufu ya samaki!"

Ulicheka mpaka ukakaa kwenye nyasi. "We mtoto wa bara, umekunywa mbolea! Hayo majani ya baharini!"

Mpishi akatoka jikoni kutazama. Mwezi mzima akawa ananiuliza kama nimeanza kuchipua. Nikamjibu ndiyo maana mimi narefuka, na yeye anapanuka tu.

Ukanifundisha. Mwani huoshwa kama mchele, ulisema, maji matatu, maana chumvi haina urafiki na mzizi. Kisha tunauchanganya na nyasi zilizofyekwa, tunaufunika kwa magunia mpaka uoze uwe mweusi. Nzi walitupenda sana. Mpishi hakutupenda. Lakini kabichi za msimu ule, kaka! Nilizipiga kofi kama ng'ombe wa mahari.

Sasa nifike pale ninapopazungukazunguka. Siku memsahibu alipoleta wageni, akauliza akili ya mwani ni ya nani, ulikuwa nyuma yangu na karai mkononi. Nikasema, "Ni yangu, memsahibu." Kiingereza changu kidogo, lakini kwa wizi kilitosha. Palepale nikafanywa nyapara. Nyapara wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe wewe! Nilingoja unisute mbele ya watu. Uliweka karai chini tu.

"Haya, nyapara."

Jumatatu niliamka, mkeka wako haupo.

Gunia la mwisho ulilibakiza stoo. Nikaliosha maji moja tu. Kuosha mwani ni kazi ya wawili, mmoja amwage, mwingine ageuze, na katikati watukanane kidogo. Peke yangu nilichoka upesi, nikautupa shambani vilevile. Maharagwe yakageuka manjano, ncha zikaungua kama zimepitiwa na pasi ya mkaa.

Jana memsahibu akaja kuyatazama. Nikamwambia yote: akili ilikuwa yako, mdomo ndio ulikuwa wangu. Akauliza, "Athmani yuko wapi?"

Nikafungua mdomo, mdomo huu unaoujua, nikamwambia sijui. Tumelala chumba kimoja miaka miwili, nikiongea mimi tu: habari za Busia, za ndondi zangu, za wasichana ambao nusu yao sikuwahi kuonana nao. Sikukuuliza hata mtaa wenu. Nimekwenda stesheni mara mbili kumtafuta binamu yako; wanasema amehamishwa.

Memsahibu anasema kazi yako ipo, na unyapara ni wako. Mimi sina cha kukupa. Jioni natoa utani wangu mzuri kabisa, ukuta hauniambii hata "nyamaza."

Nisamehe, kaka. Kama kurudi ni kugumu, nitumie tusi tu, lile kubwa unalolijua, na nyuma ya bahasha uandike mtaa wenu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuibia sifa.