Mihogo Iliyogeuzwa Esanse

Ntoto, Walikale

Kaka yangu mupenzi Innocent,

Amani ya Bwana ikae kwako, kwa Mama na kwa wote walio nyumbani Kirolirwe. Barua yako ililetwa na motari wa Kashebere, yule anayebeba watu kwa pikipiki. Mvua iliilowesha pembeni, lakini niliisoma yote. Kifua cha Mama kimepoa? Baridi ya huko naijua. Sisi huku tunapumua, hiyo njo naweza kusema tu.

Umeniuliza juu ya esanse ya mihogo, hayo mafuta ya mashine, kwa sababu watu wa muradi ule ule wamefika kwenu na wanataka mahindi. Nitakuelezea kama tulivyoiona.

Walipokuja hapa walituita nyuma ya kanisa. Ingenieri wao, muntu mupole, akasema: "Mihogo yenu inatoa pombe kali, na pombe hiyo inawaka ndani ya mashine kama esanse. Kwa nini mungojee bidoni za esanse kutoka Goma, na barabara iko namna ile?" Shemeji yako, mume wangu Papa Shukuru, alikuwa amechoka kusukuma pikipiki yake kila esanse inapokosekana. Alirudi nyumbani akicheka peke yake. Wakajenga izini yao, kiwanda cha kuchemsha pombe hiyo, kando ya muto. Sisi tukang'oa maharagi na ndizi, tukapanda shamba lote mihogo michungu, ile waliyosema iko na nguvu kwa mashine.

Sitakudanganya, mwanzo ulikuwa muzuri. Jenereta ya maternite, pale wanawake wanazalia, iliwaka kwa mihogo yetu. Mama Riziki, mujane jirani yetu, alimupokea mujukuu wake chini ya taa. "Wangu wote niliwazaa gizani," aliniambia. "Huyu nimeona uso wake palepale." Papa Shukuru naye alikwenda mpaka Kashebere na kurudi, pikipiki inanuka pombe ya kanyanga, watu wanamucheka barabarani.

Kisha kuni zikaanza kutushinda. Kuchemsha ile pombe mpaka itoe esanse kunataka moto wa kutwa nzima. Kuni za karibu ziliisha, watu wa izini wakaingia porini, halafu wakakata miti yetu ya avoka. "Tunachoma muti muzima tupate chupa moja," Papa Shukuru akasema. Tena esanse hiyo ikitoka na maji ndani, inakula chuma. Injini yake ilikufa njiani na haijafufuka.

Lakini njaa njo ilituvunja. Mihogo yote ilikuwa ya izini, na kila muntu alikuwa amepanda kama sisi. Soko likabaki bila maharagi, unga ukawa wa kutoka mbali. Vita vilipofunga barabara, unga nao ukakosekana. Tukarudia ile michungu. Wewe unajua inataka kulowekwa siku nyingi mutoni mpaka sumu itoke. Lakini ukiiacha mutoni, wenye njaa wengine wanaichukua. Kila mama akawa anaitoa mbele ya wakati. Tulikula hiyo asubuhi na mangaribi, na majani yake, sombe, kidogo, basi.

Asubuhi moja mutoto wetu Shukuru akaniita. "Mama, miguu yangu inakataa." Nilifikiri hataki shule. Nikamusimamisha, magoti yakagongana, akaangukia mikono. Tukamubeba mpaka sante, pale pa matibabu. Infirmiye, muuguzi wa pale, alimushika magoti, akauliza tunakula nini. Nikamuambia.

"Ni konzo," akasema. "Sumu ya mihogo imeshika miguu. Haitarudi kama zamani, Mama Shukuru. Sasa umuangalie mudogo wake. Apate maziwa, maharagi, nyama, kusudi naye asishikwe."

Siku hizi Shukuru anatembea juu ya vidole, na fimbo mbili alizochongewa na baba yake. Izini imekosa kuni, imefungwa. Ingenieri alikuja kuaga; alipomuona mutoto, alikaa chini kwenye jiwe. Hatukumutukana. Jenereta imenyamaza, na wanawake wanazaa tena gizani.

Kaka, Neema, mudogo wake, nilikuwa nimemufungia nguo zake. Motari alikubali kumufikisha kwenu, akunywe maziwa ya ng'ombe alizotuachia Papa yetu. Halafu nikafika mwisho wa barua yako, pale unaposema ng'ombe zote zimeshauzwa, na malisho yamelimwa kwa ajili ya mahindi ya esanse. Nilisoma mara ya pili. Nikafungua nguo za mutoto, nikazirudisha mahali pake.

Umusalimie Mama. Usimusomee pale pa miguu ya Shukuru, umuambie tu kwamba mutoto amekua. Umusalimie muke wako, na shangazi aliyekuwa anauza maziwa, na muchungaji aliyetubarikia ndoa. Kama kungali na kipande cha udongo ambacho hawajalima, mupande maharagi. Motari anasema aliona matrakta mpaka kwenye ua wa nyumba yenu.

Ni mimi dada yako,
Mama Shukuru