Mtoto Aliyegoma Kunipiga Teke

Kwa bibi yangu wa Samuye, mke wangu wa kwanza,

Mwangaluka, bibi. Na shikamoo pia, maana nakujua, barua isiyo na shikamoo utaiwashia moto. Mgongo unaendeleaje? Mvua imewafikia, au mnaangalia mawingu tu? Holo, mdogo wangu unayemsomea bibi, soma kila kitu kama nilivyoandika, usiruke mahali ninapojisifu. Ningepiga simu, lakini simu yenu inasikilizwa na nyumba nzima, na haya ni ya mimi na bibi. Mke mwenzio Minza ataibeba barua hii mwenyewe kwenye mkoba, akija kwako.

Mimi mzima, nimenenepa, nimependeza. Huku machimboni Geita wauza chakula wananiongezea mchuzi bila kuomba. Na kule chini duarani, ndani ya shimo letu, naheshimika. Tukihisi wachimbaji wa shimo la jirani wanatukaribia, msimamizi anasimamisha nyundo zote, halafu ananiita mimi. Nabandika kiganja kwenye mwamba, natulia, nasema: bado wako mbali, piga kazi. Au nasema: wamefika, tuhame upande huu. Sijakosea hata siku moja. Msimamizi anasema kiganja changu kina masikio. Nakueleza haya ili ujue aibu niliyoipata imempata mtu wa namna gani.

Aibu yenyewe kaileta Masanja. Tunachimba naye shimo moja, na chumba alichopanga kimepakana na chetu. Mkewe ana mimba inayolingana na ya Minza. Basi asubuhi moja akaja kazini anacheka peke yake. Kumuuliza, anasema kamwekea mkewe kikombe cha chai juu ya tumbo, mtoto kapiga teke, chai imemwagika. Tangu hapo hatuna hadithi nyingine. Tukishuka, teke. Tukipanda, teke. Tukila, anaurusha mkono wake juu atuonyeshe ulivyorushwa na mwanawe.

Bibi, niliona wivu. Wewe hujawahi kuniona na wivu, kwa sababu siku zote mimi ndiye ninayeonewa wivu. Nikirudi namshika Minza tumbo, hakuna kitu. Nikiamka namshika, hakuna. Nimemnywesha soda ya baridi. Nimeweka redio karibu na kitovu. Nimemwamrisha mtoto kwa jina la babu. Kimya. Masanja akanisikia kupitia ukuta, kesho yake akaniambia mbele ya watu, "Shija, mwache alale. Ameshamrithi baba yake." Walicheka wote, mpaka msimamizi.

Nikasema nitawaonyesha. Jumapili mchana nikafanya kama tunavyofanya chini. Nikawaomba wapangaji wazime redio. Mama mwenye nyumba alikuwa anatwanga, nikamsihi aweke mchi pembeni. Nikamlaza Minza chali kwenye mkeka pale uani, nikamwambia abane pumzi, nikabandika kiganja katikati ya tumbo, mbele kabisa, vilevile ninavyobandika kwenye mwamba. Watu wakanyamaza, hata Masanja. Nilisikia kuku anakwaruza nyuma ya choo. Nilisikia tumbo la Minza linasaga ugali. Mtoto sikumsikia. Mara Minza akashindwa kubana pumzi akaanza kucheka, na uani kote kicheko kikapasuka.

Mimi sikucheka. Hapo wivu ulikuwa umeingiliwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukitaja. Mama mwenye nyumba naye hakucheka. Alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini tusikae na jambo hili nyumbani, twende tukapimwe.

Kesho yake sikwenda kazini, nikampeleka Minza hospitali. Mkunga akampaka Minza mafuta ya baridi, akapitisha kile kipimo cha picha, na bibi, moyo ukasikika. Unakwenda mbio kama injini ya karasha inaposaga mawe. Nilishika meza. Nikauliza, sasa mbona hapigi? Mkunga akasema anapiga vizuri tu, ila kondo limejishikiza kwenye ukuta wa mbele wa mji wa mimba, likakaa kati ya mtoto na kiganja changu. Teke likija linaishia mle kama ngumi kwenye mto wa kulalia. Si ugonjwa. Nisimtafute katikati, nimtafute pembeni na chini. Kisha akamgeukia Minza, akamwonya kwamba akishazoea uchezaji wa mwanawe, siku akiona umepungua aje hapohapo, asijidanganye kuwa ni kondo. Hilo na wewe ulishike, bibi. Huko Samuye msimpe dawa ya mti, mpelekeni hospitali.

Halafu mkunga akamuuliza kama yeye anamsikia. Minza akainama.

"Namsikia. Huku pembeni. Kama mtu anagusa kwa kidole."

Tangu lini? Tangu kabla ya ile Jumapili! Kumbe ndiyo maana alicheka pale mkekani. Nikamuuliza mbona hukuniambia.

"Mwanzoni nilidhani ni gesi," akasema. "Nilipojua, nikaona nikae naye kidogo peke yangu. Wewe ukijua, atakuwa wa machimbo mazima."

Kurudi, kwenye bodaboda, nilinuna. Masanja nilikuwa nimeanza kumzoea. Lakini huyu analala ubavuni mwangu, anacheza na mwanangu, wawili hao, na mimi niko nje hata mlango wa kubisha hodi sina! Na wewe ukaongezea, ukaagiza mtoto wa mimba ya kwanza asizaliwe machimboni, Minza aje kwako. Agizo nimelikubali. Ila nilipiga hesabu nikaona mateke yote makubwa utayafaidi wewe, umeketi kwenye kigoda chako, hujahangaikia hata soda. Nikamwambia Minza hapandi basi mpaka nipate la kwangu. Safari imeahirishwa mara mbili kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya basi kuharibika kama nilivyowadanganya.

Leo mchana alikuwa anakunja vitenge vyake. Akasimama katikati ya kukunja, akaushika mkono wangu, akauweka pembeni mwa tumbo. Nikamsikia. Mara moja, kadogo. Nikangoja. Akarudia. Nilifungua mdomo nimwite Masanja, nikaufunga. Mpaka sasa ninapoandika hajui, ananicheka kupitia ukuta na mimi namwacha.

Nisalimie mama mdogo aliyenilea kwa uji na kofi, mwambie nayakumbuka yote mawili. Nisalimie mjomba wa ng'ombe, na jirani yule mshona viatu. Holo, ahsante kwa kusoma, kama hukuruka.

Minza anapanda basi kesho. Nakujua, bibi, hata mzigo hajautua utakuwa umeshapeleka mkono. Mkunga alisema pembeni, na pembeni ziko mbili. Ni ipi, sikuambii. Minza naye nimemwapisha. Tafuta mwenyewe, uhangaike kama mimi.

Shija,
baba mtu.