Jina Katika Safu ya Pili

Baba,

Nakuandikia kwenye karatasi ya mwisho ya kaunta buku lako, kwa kuwa najua karatasi nyingine usingeisoma. Usikasirike. Mistari ya kazi yako sijaigusa.

Tangu utuache, shamba la tumbaku mkabala na nyumba limepandwa soya. Salma sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba, na mjukuu wako huyo bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mimi naendesha basi la shule kama kawaida. Kiti chako cha barazani hakuna anayekikalia, hata paka.

Nilikuwa nakucheka, Baba. Wazee wenzako wakistaafu huvua samaki. Wewe ulikusanya matokeo ya uchaguzi wa jimbo letu hili dogo, mashamba na makanisa matupu, mwendo wa saa nzima kutoka Washington, jimbo lenye mjumbe mmoja tu kwenye bunge la Maryland. Asubuhi baada ya kila uchaguzi ulikwenda kituo cha zimamoto, tunakopigia kura, ukanakili karatasi iliyobandikwa mlangoni, kama ulivyofanya ulipokuwa wakala wa chama kule Muheza. Ya zamani uliyafuata maktaba. Safu ya kwanza mshindi, safu ya pili aliyeshindwa. Safu ya kwanza ni ukoo mmoja: babu, kisha mtoto, kisha mjukuu. Safu ya pili umeandika kwa wino mwekundu, ukurasa baada ya ukurasa: amepita bila kupingwa.

"Huyu kijana wao wa sasa simchukii, ana adabu," ulikuwa unasema. "Lakini uchaguzi wa mtu mmoja ni harusi ya bwana peke yake."

Halafu siku moja ukanigeukia: "Wewe je, hugombei?" Nikacheka, nikakwambia nina zamu asubuhi. Wiki tatu baadaye tulikuzika. Kile kicheko, Baba. Bado kinanifuata.

Siku mbili kabla ya fomu za kugombea kufungwa, jina lilikuwa lile lile moja. Nikaliegesha basi, nikaenda kujaza fomu na sare yangu ya kazi. Nilikosea mpaka anwani yetu wenyewe.

Mama Furaha, yule rafiki yangu Mkongomani anayekaa Adelphi, nje ya jimbo letu, aliposikia akapiga simu: "Dada, usiogope. Kila samedi tutakuya na batoto, tutagonga milango yote." Kura ya huku hawana, lakini kila Jumamosi walikuja, na sambusa juu. Mbwa walitukimbiza kweli kweli. Wenye nyumba wengi walifungua mlango nusu, wakachukua karatasi, wakafunga.

Mpaka tulipofika kwa Bi Dorothy. Unamkumbuka, bibi aliyekuwa msimamizi pale zimamoto siku ulipopiga kura yako ya kwanza Marekani. Ulipomaliza ulimnyooshea kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ukisubiri kupakwa wino. Maskini hakuelewa. Akakishika kwa kidole chake, akakitikisa, mkasalimiana. Ulirudi umenuna: "Nchi kubwa hivi, haina hata kichupa cha wino." Sasa ameshastaafu. Alilisoma jina langu kwenye karatasi, akaniuliza kama mimi ni mtoto wa yule bwana wa kidole. Nikamwambia ndiyo, na machozi yakanitoka mbele ya mtu baki. Akachukua koti lake, akatembea nami barabara nzima, akinitambulisha kwa kila jirani. Mlango ambao ungefunguka nusu ulifunguka wote.

Nimeshindwa, Baba. Sikufichi, na si kwa kura chache. Pale zimamoto peke yake ndipo nilipomshinda. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ulinifundisha mwenyewe, kwa hiyo nilimpigia yule kijana kumpongeza. Akanishukuru, kisha akaniuliza kwa nini watu wa upande wetu wanalalamikia lile daraja la barabara yetu. Juzi alikuja kuliangalia. Miaka yote ile hajawahi kuja, kwani nani angemuuliza?

Asubuhi ya matokeo nilikwenda na Salma pale mlangoni pa zimamoto. Alishika kalamu yako. "Mommy, tume-lose?" Nikamwambia ndiyo, andika. Akaandika jina langu safu ya pili, herufi kubwa kuliko zako zote. Akalitazama.

"Babu angefurahi," akasema. Kwa Kiswahili, bila kuombwa.

Basi pumzika, Baba, Mungu akupe nuru huko uliko. Safu hii haitakosa jina tena nikiwa hai. Uchaguzi ujao nitachukua fomu siku ya kwanza, si ya mwisho, na kama si mimi nitamtafuta mwingine. Tuliporudi kwenye gari nilimnyooshea Salma kidole changu kidogo cha kushoto, naye akakipaka wino wa kalamu yako. Mpaka sasa sijakiosha.

Binti yako,
Zaituni